Magodoro ya Wodi ya Wazazi

Somo la asubuhi lilikuwa kupanga maboksi kwenye paleti. Chuo cha ufundi kilikuwa na ghala la mazoezi nyuma ya karakana ya useremala, na maboksi yake yalijazwa maranda ya mbao ili yawe na uzito wa kudanganyia. Wanafunzi wa ugavi na usafirishaji waliyapanga, wakayafunga kwa nailoni, wakayafungua, wakayapanga upya. Mkufunzi wao, mwanamume mrefu aliyevaa koti jeupe la maabara ingawa idara yake haikuwa na maabara, alipita akisukuma kila rundo kwa kidole. Lililoyumba lilibomolewa.

Rundo la mwanafunzi aitwaye Ramani halikuyumba. Jina hilo alipewa na mjomba wake tangu utotoni, kwa sababu ukimpitisha njia mara moja haimtoki tena kichwani. Mjomba alikuwa mkuu wa bohari ya vifaa vya hospitali, na kila likizo ya shule alimpandisha kwenye lori, kiti cha mbele, kati yake na dereva, akimwuliza waingilie wapi na watokee wapi. Baba yake Ramani alishaondoka siku nyingi. Alikwenda kutafuta kazi, akaipata, na hukohuko akapata na familia nyingine. Kwa hiyo mjomba ndiye aliyewasomesha Ramani na dada yake, ndiye aliyekwenda shuleni walipoitwa wazazi, ndiye aliyemfundisha Ramani kuendesha baiskeli kwenye uwanja wa bohari, katikati ya malundo ya vitanda vya chuma. Ramani alipochagua kusomea ugavi, wenzake walimwuliza kwa nini asichukue upishi au kompyuta. Hakuwa na jibu refu. Alitaka kufanya kazi ya mjomba.

Muhula wa mafunzo kwa vitendo ulipofika, alipangiwa bohari kwa mjomba. Mjomba hakumpendelea. Alimpa ovaroli ya kaki, akamweka kwenye mlango wa kupokelea mizigo, na siku za mwanzo Ramani hakufanya kingine ila kufagia na kubandika alama. Kisha yakaja magodoro. Yalikuwa msaada kwa wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, mapya kabisa, yamevikwa plastiki ya bluu na bado yananuka kiwanda. Ramani ndiye aliyechukua brashi na kibati chenye matundu ya herufi akayapiga chapa, moja baada ya jingine: WODI YA WAZAZI. Kazi hiyo aliifanya kwa moyo, maana dada yake alikuwa mjamzito na angejifungulia hukohuko. Kila akirudi kliniki, dada yake alikuja na habari ileile, kwamba kina mama wanalala sakafuni juu ya maboksi yaliyokunjuliwa.

Siku ya kuyasafirisha ilipokaribia, mjomba alimwita ofisini. Akamwambia huu ndio wakati wa kuonyesha alichojifunza: apange safari ya lori, yeye mwenyewe, bila msaada. Barabara kuu ina foleni, mjomba akaeleza, na mizani ya malori inachelewesha watu bure. Tena dereva lazima apumzike mahali penye kivuli, tuseme nyuma ya soko, kwenye ule uwanja wa kugeuzia magari.

Ramani aliishika kazi ile kama mtu anayeshona nguo atakayoivaa mwenyewe. Alikwenda kwa miguu kuhakikisha upana wa vichochoro. Akapata njia inayopita nyuma ya kiwanda cha sabuni, inayokata reli, inayokwepa mizani na vituo vyote vya ukaguzi, na kutokea nyuma ya soko saa ambayo wachuuzi wanakula na hakuna anayeangalia lori la mtu. Mjomba alipoonyeshwa aliifuata kwa ncha ya kalamu mpaka mwisho.

"Mwanangu, hii ni kazi ya mtu mzima," alisema. "Mimi nisingeiona."

Siku ile Ramani alirudi hosteli miguu haigusi chini. Kesho yake lori liliondoka, na jioni mjomba akamwambia mzigo umefika na umepokelewa.

Muda ulipita. Ramani alikuwa darasani, mkufunzi akieleza tofauti kati ya mzigo uliopotea na mzigo uliochelewa, magodoro yalipopita barabarani mbele ya chuo. Yalikwenda kwa mstari mmoja, pembezoni mwa lami. Kila moja lilijikunja katikati, likatupa ncha ya mbele, likavuta ya nyuma, kama kiwavi mwenye haraka zake. Mengine yalikuwa bado na mashuka. Moja lilikuwa na mto, na lilitembea kwa uangalifu kuliko mengine lisije likaudondosha. Pikipiki zilipunguza mwendo. Muuza maji akasogeza mkokoteni wake kuyapisha. Mkufunzi aliwaruhusu wanafunzi wasogee dirishani, akawataka wazingatie nafasi kati ya godoro na godoro, jinsi isivyopungua wala kuongezeka, kwa sababu swali la namna hiyo hupenda kuja kwenye mtihani.

Ramani alisoma chapa. Kwenye baadhi ya magodoro rangi ya herufi Z ilichuruzika kidogo chini, pale alipochovya brashi kupita kiasi. Akaomba ruhusa, akatoka, akayafuata.

Magodoro hayakupita njia aliyoipanga yeye. Yalishika barabara kuu. Penye foleni yalisimama kwenye foleni kama kila mtu. Yalipofika kwenye mizani yalipanda, yakapimwa, yakashuka, na karani wa mizani akayapungia mkono yaendelee.

Kwenye geti la hospitali mlinzi aliyasimamisha akaomba hati ya mzigo. Hayakuwa nayo. Akaitwa mtunza stoo, ambaye alikuja miwani ikiwa kichwani, akayatazama, akaeleza kwa upole kwamba magodoro ya wodi ya wazazi yalishapokelewa zamani, na kitu kilichokwisha kupokelewa hakiwezi tena kuwa nje ya geti. Mlinzi alikubali kwamba hiyo ni kweli. Muuguzi mkuu wa wodi naye akatoka. Yeye peke yake ndiye aliyeyagusa. Alilibonyeza moja kwa kiganja, akaliangalia sponji linavyoinuka taratibu na kurudi mahali pake.

"Mazuri," alisema.

Kisha akamweleza Ramani, ambaye alikuwa amesimama karibu, kwamba akiyaingiza atakuwa amepokea mara mbili. Wakaguzi watauliza ya kwanza yako wapi, na ya kwanza yalipokelewa na mkubwa wake wa kazi. Naye muuguzi ana watoto wa kulea. Akarudi wodini akiipangusa mikono kwenye gauni lake la kazi. Magodoro yaliuzunguka uzio mpaka upande wa wodi ya wazazi, yakasimama wima, yakaegemea ukuta chini ya madirisha, yakangoja.

Ramani aliulizia yalikotoka. Mwendesha pikipiki mmoja akamwambia kwamba yeye aliyaona yakitoka kwenye gesti mpya ya ghorofa, nyuma ya soko, kwenye ule uwanja wa kugeuzia magari. Yalishuka ngazi moja moja, alisema, bila kusukumana.

Gesti ilikuwa bado inanuka rangi. Ukumbini alisimama mgeni mmoja, wakala wa mbegu, amevaa singleti, akilalamika kwamba alikuwa amejinyoosha baada ya chakula cha mchana, godoro likamwinamisha polepole likamwacha juu ya chaga, likaondoka na shuka aliyokuja nayo kutoka kwao. Shuka hiyo aliitaka. Mjomba alikuwa akimsikiliza, amekunja mikono ya shati, futikamba mkononi. Na nyuma ya meza ya mapokezi, rundo la funguo likining'inia shingoni, alikaa mama yake Ramani. Mama alishawaambia wanawe kwamba amepata kibarua cha kusimamia nyumba ya mtu. Hakusema nyumba gani.

Mama aliinua uso. "Umekula?"

Ramani akajibu hajala. Mama akamsogezea kikombe cha chai, na kwa kuwa amelelewa vizuri, Ramani akakipokea.

"Yameelekea wapi?" mjomba akamwuliza.

"Hospitali. Yamekataliwa getini."

"Basi yako salama," alisema mjomba, na mabega yake yakashuka.

Ramani alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga njiani. Lililotoka lilikuwa dogo. Alimwuliza mjomba kuhusu ile njia.

"Njia safi sana," mjomba akasema. "Hakuna aliyetusimamisha hata mara moja. Dereva mpaka leo anakusifu."

Aliyasema hayo kwa sauti ileile aliyoitumia zamani, siku baiskeli iliposhika mwendo bila yeye kuishikilia. Hakuwa akikejeli, wala hakuwa akijificha. Alimwonea fahari. Ramani alitafuta usoni mwake mahali ambapo mjomba mwingine angekuwa amejibanza, yule mwizi, apate walau kumchukia huyo. Hakumwona. Alikuwa mjomba yuleyule, na doa lilelile la wino kwenye mfuko wa shati.

Akamgeukia mama, akauliza nyumba ni ya nani.

"Yetu," mama akasema. Alieleza kwamba mjomba aliiandikisha kwa jina lake yeye mama, ili uzeeni asije akasimama mlangoni kwa mtu. Ameachwa mara moja, alisema, na ile mara moja imemtosha.

"Na dada? Si atajifungua sakafuni?"

"Atalala pale siku mbili tatu. Hapa tutakaa maisha." Mama alikuwa akiupangusa ufunguo mmoja kwa pindo la gauni, ufunguo ambao ulikuwa safi.

"Mngeniambia."

"Tungekuambia," mama akasema, "usingeipanga vizuri."

Mgeni wa mbegu akakohoa, akakumbusha habari ya shuka. Mjomba alimwomba Ramani apange lori la kuyarudisha magodoro. Ramani akasema hapangi. Mjomba hakugomba. Alisema hakuna tabu, njia ile anayo, ataigeuza tu iwe ya kurudi.

Kesho yake Ramani alikwenda kwa mkufunzi akamweleza kila kitu. Mkufunzi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na macho yake yakazidi kuchangamka. Akamwambia kwamba hicho alichokieleza kinaitwa ugavi wa marejesho, yaani mzigo kurudi ulikotoka, mada ambayo kila mwaka wanafunzi wanalalamika kwamba haina mifano ya karibu. Aifanyie wasilisho la mwisho wa kozi. Kuhusu wizi alivua koti lake jeupe, akalitundika, akalivaa tena. Akasema msimamizi wa mafunzo yake kwa vitendo ni mjomba, na chuo kinategemea bohari ile kupokea wanafunzi kila mwaka, na wapo wanafunzi wa darasa la chini wanaomfuata Ramani. Akamwuliza kama njia ile anaweza kuichora kwa rangi.

Lori la mjomba lilikuwa na safari nyingine, kwa hiyo magodoro yalibaki kwenye uzio. Mvua ikanyesha. Plastiki zilizochanika zikapwaya, maji yakaingia, na magodoro yakavimba lakini hayakuondoka. Katikati ya mvua hiyo dada yake Ramani akashikwa na uchungu.

Mume wa dada alikuwa dereva wa masafa marefu, yuko mpakani akingoja kibali. Ramani ndiye aliyempeleka dada hospitali. Wodi ilijaa. Walipata nafasi chini ya dirisha, wakatandika boksi, wakatandika na khanga ya mtu aliyekuwa anaruhusiwa. Nje ya dirisha godoro moja lilikuwa limejisukuma mpaka likabana wavu. Kina mama waliokaa karibu walipitisha vidole kwenye matundu wakaligusa, kila mmoja kwa zamu yake, kisha wakalala tena sakafuni. Muuguzi mkuu alipita akiruka miguu ya watu, akawaambia wasiuharibu wavu, mbu wataingia.

Dada aliuliza yale ni magodoro ya nani. Ramani akamwambia, kidogo kidogo, uchungu ukilegea anaeleza, ukikaza ananyamaza. Alimweleza njia, na soko, na gesti. Ya mama aliyaacha mpaka mwisho, akitumaini mtoto atayawahi. Mtoto hakuyawahi.

"Mama anajua?" dada akauliza.

"Anajua."

Dada akageuza uso ukutani. Hatimaye mtoto akatoka, wa kike, mzima, mwenye sauti. Alizaliwa kwenye chumba cha kujifungulia, juu ya kitanda cha chuma chenye raba, na baada ya kitambo wote wawili wakarudishwa kwenye boksi lao chini ya dirisha.

Asubuhi mama alikuja na chupa ya chai na nguo za mtoto alizozifua na kuzipiga pasi hadi mikunjo ikalala. Alipita kando ya magodoro bila kuyatazama. Moja lilijiinamisha kidogo upande wake, pengine kwa sababu ndilo alilokuwa akilitandika yeye. Alimpokea mjukuu, akamnusa kichwani, akalia kwa furaha ya kweli. Dada alimtazama muda. Kisha akapokea chai. Ramani alisubiri aseme neno. Dada alikunywa chai yote, akaomba nyingine.

Siku hiyohiyo lori lilifika. Magodoro hayakupambana na utingo. Yalijifanya mazito tu, kama mtoto asiyetaka kubebwa.

Siku ya mawasilisho chuo kiliazima viti kutoka karakana ya useremala. Mezani mbele walikaa wakufunzi, na katikati yao mjomba, aliyealikwa kama mwakilishi wa waajiri. Ramani alisimama akatundika ramani yake ya rangi. Alieleza yote. Alitaja bohari, alitaja wodi, alitaja gesti na nani anakaa mapokezi. Alisema njia iliyotumika kuiba aliichora yeye, na aliyemtuma ameketi pale, mwenye shati la mistari. Sauti yake haikutetemeka, kwa kuwa alijizoeza mbele ya kioo cha hosteli.

Walipiga makofi. Mkufunzi mmoja alisifu uchaguzi wa rangi. Mwingine akauliza kwa nini, kwa mzigo wenye tabia ya kujirudisha wenyewe, mtoa mada hakupendekeza mikanda. Ramani akasema hakuona kama mikanda ndiyo tatizo. Aliyeuliza akaandika kwamba sehemu ya mapendekezo ni dhaifu. Hata hivyo Ramani alipata alama za juu kuliko darasa zima. Mjomba alimfuata nje, akamshika bega, machozi yakimlengalenga.

"Umesimama vizuri," alimwambia. "Hujaogopa watu."

Akaenda kununua mikanda.

Hata na mikanda, magodoro yalitoka tena mara kadhaa, mgeni anapoifungua kwa kuwa inamchoma mgongoni. Mji ukayazoea. Trafiki aliyapa nafasi yake kwenye njia panda, baada ya malori na kabla ya wanafunzi. Mlinzi wa hospitali aliyasalimia, akayaomba hati, akayaonyesha uzio. Mjomba akaweka mikanda mipana zaidi, yenye vifungo vya chuma, na wageni wakazoea kulala juu ya kitu kinachovuta taratibu upande wa hospitali. Wengine walisema kinabembeleza. Wengine walifika mara ya pili wakataka chumba kilekile.

Dada alihamia gesti mtoto alipoanza kukohoa. Chumba alichopanga kilikuwa kinavuja, na mume alikuwa bado mpakani. Ramani alikwenda kumzuia akamkuta ameshafunga sufuria kwenye shuka.

"Tutapata kwingine," Ramani akasema.

"Lini?"

Ramani akashika fundo la shuka.

"Nina hasira kuliko wewe," dada akasema. "Ila mtoto simlazi juu ya hasira." Akampa mzigo mmoja abebe.

Walipewa chumba cha juu, cha pembeni, chenye jua la alasiri. Godoro lilikuwa likivuta mikanda yake, kitanda kikilia taratibu. Dada alijilaza ubavu, akamweka mtoto kifuani, akaanza kumnyonyesha. Godoro likatulia. Mkanda ukalegea, ukaning'inia. Mama aliyekuwa mlangoni aliona, akamwita mjomba aje aone. Mjomba alipanda ngazi akihema, akainama, akalibonyeza upande wa miguuni.

"Mnaona?" alisema kwa upole. "Hili limefika."

Akafungua vifungo, akauviringa ule mkanda, akautia mfukoni ukatumike chumba kingine. Dada alikuwa ameshasinzia. Ramani alimtazama, akamtazama mtoto, akatafuta neno la kumjibu mjomba, na kila alilolishika lilimwangukia dada kwanza. Kwenye vyumba vingine, kando ya korido yote, vitanda viliendelea kulia.

Ramani alisema anarudi hosteli. Mama alimsindikiza mpaka chini, akamfungia mkate kwenye karatasi, akamwambia asikae siku nyingi bila kuja. Nje upepo ulikuwa umeanza.

"Mlango urudishie vizuri ukitoka," mama akasema, "yasije yakatoka."

Ramani akasimama kizingitini, mkate mkononi. Juu mtoto alikohoa mara moja, akanyamaza. Kisha Ramani akatoka, akauvuta mlango mpaka akasikia kitasa kimeshika.